Duru ya pili ya mchujo wa chama: uweke dau Kalshi, Polymarket, PredictIt au Manifold?

Shemeji yangu anaendesha lori kutoka Des Moines, Iowa, na huniandikia akiwa amepaki kujaza mafuta. Juzi alinitumia picha ya skrini. Mchujo wa chama katika jimbo moja la kusini mwa Marekani ulikuwa umeingia duru ya pili, wamebaki wagombea wawili, na soko la utabiri likimweka wa kwanza senti 61, wa pili senti 42. Chini yake ameandika: "Shem, 61 na 42 ni 103. Hizo tatu zimetoka wapi?"

Nikamwambia hizo tatu zitamla kabla mgombea hajamla. Ndipo akauliza kile ambacho wengi huniuliza msimu wa mchujo ukifika: basi aweke wapi? Anazo kwenye simu programu tatu, na ya nne ni ile ya pesa za kuchezea ambayo mwanawe alimwekea.

Wanaojua kubeti kwa mpira tu wanahitaji maelezo kidogo hapa. Kwenye kampuni ya kubeti, kampuni inakupangia odi na unapambana nayo. Kwenye soko la utabiri unapambana na mtu kama wewe, mwenye soko anakula ada tu. Unanunua mkataba wa "Ndiyo" au "Hapana". Mgombea akishinda, kila Ndiyo inalipa dola moja. Akishindwa, inalipa sifuri. Bei ya senti 38 maana yake soko linampa nafasi ya asilimia 38, na kwa lugha ya mkeka hiyo ni odi ya 2.63. Si lazima ungoje matokeo: unaweza kuuza mkataba wako saa yoyote, ilimradi yupo wa kuununua. Hilo "ilimradi" ndilo lililonifanya niandike. Watu huchagua soko kwa urahisi wa kuingia, na kwenye duru ya pili wanaumia wakati wa kutoka.

Kwa nini duru ya pili ni mnyama mwingine

Texas, Georgia, Alabama, Mississippi, South Carolina, Arkansas na Oklahoma zinataka mgombea apate zaidi ya nusu ya kura ndani ya chama chake. Asipopata, wawili wa juu wanarudi kwa wapiga kura. North Carolina inatosheka na zaidi ya asilimia 30, na hata aliyeongoza asipofika hapo, hakuna duru ya pili mpaka wa pili aiombe.

Mgeni huangalia nani aliongoza duru ya kwanza akanunua huyo. Wale waliofanya hivyo Georgia mwaka 2018 wanakumbuka. Naibu Gavana Casey Cagle aliongoza mchujo wa Republican kwa asilimia 39, Brian Kemp akiwa na takriban 25. Zikapita wiki tisa, ukavuja mkanda wa sauti wa Cagle uliorekodiwa kwa siri, Trump akamuunga mkono Kemp siku chache kabla ya kura, na Kemp akapata karibu asilimia 70. Texas mwaka 2012, David Dewhurst aliongoza kwa takriban 45 dhidi ya 34 za Ted Cruz. Duru ya pili Cruz akamshinda kwa karibu 57. Ukidhani basi kinachoamua ni baraka za Trump, tazama wilaya ya 11 ya North Carolina (eneo la ubunge) mwaka 2020: alimuunga mkono Lynda Bennett, aliyekuwa ameongoza, na Madison Cawthorn wa miaka 24 akamwangusha kwa karibu theluthi mbili ya kura. Alabama mwaka 2017 ilikuwa hivyohivyo, Luther Strange na baraka zake zote akashindwa na Roy Moore.

Sababu kubwa ni idadi. Mchujo wa Republican wa mwanasheria mkuu wa Texas mwaka 2022, waliorudi Mei walikuwa chini ya nusu ya waliopiga Machi. Wanaorudi ni wale wenye hasira, wazee, na wanaopigiwa simu na kampeni. Kuna pia wasiotarajiwa: Mississippi 2014, Chris McDaniel aliongoza kwa chini ya pointi moja, halafu Thad Cochran akawaendea wapiga kura Weusi wa Democratic ambao hawakupiga duru ya kwanza, sheria ikiwaruhusu, akashinda kwa takriban pointi mbili. Kura za maoni za watafiti ni chache katika kipindi hicho kifupi, na kila moja inatetemesha bei kwa sababu hakuna nyingine ya kuisawazisha.

Na mgombea anaweza kujitoa. Wilaya ya 13 ya North Carolina, mwaka 2024, Kelly Daughtry aliyeongoza duru ya kwanza alisimamisha kampeni chini ya wiki mbili kabla ya duru ya pili, jina lake likabaki kwenye karatasi, na Brad Knott akapata zaidi ya asilimia 90. Ukiwa na mkataba wa mgombea wa namna hiyo siku kama ile, usitegemee kumpata wa kukununulia.

Vigezo vitano

Nitayapima masoko yote manne kwa mambo yaleyale: kama unaruhusiwa kuingia pale ulipo, gharama mpaka pesa irudi mfukoni, kutoa kukiwemo, wingi wa watu sokoni, ambao unaonekana kwenye pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, nani anatoa hukumu na kwa maneno gani, na linamfaa nani. Sijaweka "uzuri wa programu" kwa sababu zote zinang'aa.

Kuhusu pengo, turudi kwenye picha ya shemeji. Bei 61 na 42 ni za wanaouza. Nikamwambia agonge jina la mgombea aone daftari lote la oda. Wa kwanza: anayenunua yuko 55, anayeuza 61. Wa pili: 36 na 42. Akinunua wa kwanza kwa 61 na dakika hiyohiyo akabadili mawazo, anauza kwa 55. Amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya pesa yake na hakuna kura hata moja iliyohesabiwa. Jambo la pili ambalo hakuliona: kununua "Hapana" ya wa kwanza kungemgharimu 45, yaani 100 kutoa 55, wakati "Ndiyo" ya wa pili ni 42. Wamebaki wawili tu, dau ni lilelile, tofauti senti tatu. Kabla hujabonyeza, tazama pande zote mbili, kisha soma masharti uhakikishe kweli ni wawili.

Kalshi

Unaruhusiwa? Hili ni soko lililosajiliwa na CFTC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa. Lilipata kibali mwaka 2020, likakataliwa mikataba ya uchaguzi mwaka 2023, likaenda mahakamani, na Oktoba 2024 mahakama ya rufaa ya Washington ikaliruhusu kuendelea. Mwaka 2025 tume yenyewe ikaachana na rufaa yake. Kwa anayeishi Marekani huo ndio mlango ulionyooka kuliko yote: kitambulisho, akaunti ya benki, basi. Lakini majimbo hayajakubali yote. Nevada, New Jersey na Maryland zimevutana nalo mahakamani, hasa kwa mikataba ya michezo. Na kuna kitu ambacho wakazi wa Texas wengi hawakijui: sheria ya jinai ya jimbo lao, kifungu cha 47.02, inataja waziwazi dau juu ya uteuzi wa kisiasa, siyo uchaguzi mkuu peke yake. Kalshi inasema sheria ya shirikisho iko juu ya ile ya jimbo. Mimi si mwanasheria. Ningekuwa naishi Houston ningemuuliza mmoja kwanza.

Gharama. Kanuni yake ya kawaida ni 0.07 mara idadi ya mikataba, mara bei, mara kilichobaki kufika dola moja. Mikataba 100 kwa senti 38 inatozwa dola 1.65. Ada ni nzito bei ikiwa katikati, nyepesi pembeni: mikataba 100 kwa senti 95 ni kama senti 34 tu. Ukishinda ile ya 38, umelipa 39.65 na umepokea 100, faida dola 60.35. Shika hiyo namba.

Wingi wa watu. Kwa kiti cha seneti au ugavana, watu wapo na pengo huwa senti moja au mbili. Kwa kiti cha bunge la wawakilishi cha wilaya ya mbali, unaweza kukuta pengo kama lile la shemeji, au ukakosa soko kabisa.

Hukumu. Soko lenyewe ndilo linalotoa hukumu, kwa masharti yaliyowasilishwa kwa CFTC. Masharti ni makavu na marefu, na huo ni uzuri. Tafuta mstari unaosema kama kinacholipwa ni "mshindi wa duru ya pili" au "mteule wa chama". Mara nyingi ni mtu mmoja, lakini mshindi akijitoa baadaye chama kikateua mwingine, hivyo ni vitu viwili.

Linamfaa nani? Mkazi wa Marekani anayetaka dola ziingie na kutoka benki bila kupitia kwa mtu wa tatu, na aliye tayari kuandikiwa jina lake halisi kila mahali.

Polymarket

Unaruhusiwa? Hapa kuna milango miwili na watu wanaichanganya. Soko la kimataifa linatumia sarafu ya kidijitali ya USDC kwenye mtandao wa Polygon. Mwaka 2022 CFTC ililitoza faini ya dola milioni 1.4 na likawafungia Wamarekani. Mwaka 2025 likanunua soko dogo lililokuwa na kibali, QCEX, kwa dola milioni 112, na kupitia hapo likafungua mlango wa Marekani wenye masharti yake. Orodha ya mikataba ya milango hiyo miwili hailingani, kwa hiyo duru ya pili uliyoiona rafiki yako wa Dubai akiichezea huenda kwako isionekane. Uingereza, Ufaransa na Singapore ziko kwenye orodha ya waliofungiwa. Kuingia kwa kuficha mahali ulipo ni kuvunja masharti, na pesa ikikwama huna wa kumlalamikia.

Kwa aliyeko Dar au Nairobi, njia ya kawaida ni kununua sarafu kwa mtu hadi mtu na kulipa kwa pesa ya simu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari dhidi ya sarafu hizi mwaka 2019. Unayemlipa usiyemjua ndiye hatari yako ya kwanza, kabla hata hujafika kwa mgombea.

Gharama. Kwa miaka mingi soko la kimataifa halikutoza ada kwenye mikataba ya siasa, na hilo ndilo lililolijaza watu. Ada zinabadilika, soma ukurasa wake siku unayoingia. Lakini usijidanganye na neno "bure": unapoteza kidogo ukibadilisha shilingi kuwa sarafu, na kidogo tena ukirudi. Kwa dau la dola ishirini, huko kubadilisha kunaweza kuzidi ada ya Kalshi.

Wingi wa watu. Kwa habari kubwa watu wamejaa. Kwa duru ya pili ya jimbo moja, mambo hubadilika: linaweza kuwa na dola milioni kwenye mbio za seneti na vumbi kwenye kiti cha wilaya. Kuna jambo moja linaloniridhisha hapa na silipati kwingine: kila pochi, yaani akaunti ya sarafu ya kila mchezaji, inaonekana. Ukiona bei imepanda senti kumi, unaweza kuangalia kama walionunua ni watu mia mbili au mmoja. Mwaka 2024 Mfaransa mmoja aliyetumia akaunti kadhaa alimnunua Trump kwa wingi kiasi cha watu kubishana kama bei ilikuwa maoni ya umma au ya kwake. Alishinda, na kwa taarifa zilizotoka aliondoka na faida ya takriban dola milioni 85. Kwenye soko jembamba la mchujo huhitaji milioni. Mwenye dola elfu tano anatosha kuchora picha ya "kasi ya kampeni".

Hukumu. Hapa ndipo pananipa shida. Kwenye soko la kimataifa mtu anapendekeza matokeo kwa kuweka dhamana, kuna muda mfupi wa kupinga, na likipingwa, wenye sarafu ya UMA wanapiga kura. Kwa mchujo ulio wazi hakuna tatizo. Neno likiwa na utata, unategemea kura za watu ambao nao wanaweza kuwa na madau. Mwaka 2025 soko la kama Zelensky alivaa suti, lenye zaidi ya dola milioni 200, liliishia "Hapana" wakati vyombo vya habari kadhaa vilikuwa vimeandika kuwa kavaa suti. Ukiona mchujo wenye harufu ya kesi au kuhesabiwa upya, soma masharti mara mbili.

Linamfaa nani? Anayezijua sarafu hizi tayari, yuko nchi inayoruhusiwa, na anapenda kuchungulia pochi za wenzake.

PredictIt

Unaruhusiwa? Lilianzishwa mwaka 2014 chini ya Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, kwa barua ya CFTC iliyoliruhusu kama mradi wa utafiti. Mwaka 2022 barua ikafutwa, wakaenda mahakamani, mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikawalinda, na mwaka 2025 wakalegezewa: kikomo cha dola 850 kwa mkataba kikapandishwa hadi 3,500. Ni la wakazi wa Marekani.

Gharama. Kaa chini. Ada zilizolijengea jina ni asilimia 10 ya faida, na asilimia 5 ya chochote unachotoa, mtaji wako ukiwemo. Mikataba 100 kwa senti 38: umelipa 38, umeshinda 100, faida 62, wanakata 6.20, inabaki 93.80, ukitoa wanakata 4.69, inabaki 89.11. Faida dola 51.11, dhidi ya 60.35 za Kalshi. Hilo linavumilika. Sasa chukua yule ambaye kila mtu anajua atashinda, senti 95. Umelipa 95, umepokea 100, wanakata senti 50, unabaki na 99.50. Unatoa zote: wanakata karibu dola tano, unapokea 94.52. Umebashiri sawa, umeshinda, na umerudi nyumbani na pungufu ya ulichoondoka nacho.

Ndiyo maana bei zake za pembeni husema uongo kidogo. Mgombea wa senti 93 pale anaweza kuwa wa 97 kwingine, kwa kuwa hakuna anayeona faida ya kusukuma bei ifike juu. Ada ya kutoa humwuma kidogo anayeiacha pesa ndani msimu mzima na kuizungusha.

Wingi wa watu. Wachache, wadogo, lakini wajuaji. Hapa utakuta watu wanaojua kaunti gani ya Alabama hurudi duru ya pili na ipi hulala. Madau yao madogo hayawezi kuburuta bei kwa urahisi, na mazungumzo chini ya kila soko wakati mwingine yana thamani kuliko soko lenyewe (wakati mwingine ni matusi matupu).

Hukumu. Wao wenyewe, kwa masharti mafupi.

Linamfaa nani? Mpenzi wa siasa anayecheza mbio nyingi kwa dola chache na hana haraka ya kutoa.

Manifold

Pesa ni za kuchezea, zinaitwa mana. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa aliyeko Bujumbura, Muscat au Minneapolis, gharama hakuna, na faida ya fedha hakuna. Bei ipo saa zote kwa sababu mtambo ndio unaokuuzia, hakuna pengo la kukutisha, ingawa dau kubwa linaisukuma bei dhidi yako. Mtu yeyote anaweza kufungua soko, hata la duru ya pili ya mjumbe wa bunge la jimbo ambalo masoko ya pesa hayaligusi. Na aliyelifungua ndiye anayetoa hukumu, kwa hiyo angalia historia yake. Linamfaa anayejifunza, mwalimu, na anayetaka kujua kama yeye kweli ni mtabiri au ni mshabiki mwenye simu. Ningependa kila mtu aandike utabiri kumi hapa kabla hajatoa dola moja. Hakuna anayenisikiliza.

(Waliopo Uingereza mtauliza. Huko masoko yenye leseni kama Betfair na Smarkets hukubali madau ya siasa kihalali, lakini mchujo wa jimbo moja la Marekani ni mara chache ukute una watu humo.)

Usiku wenyewe

Hapa ndipo masoko yote ya pesa yanafanana, na hapa ndipo nilipoumia mimi. Texas vituo hufungwa saa moja jioni, na mara tu baada ya hapo kaunti huanza kubandika kura za mapema, zilizopigwa siku kadhaa nyuma. Nusu ya hadithi inatoka ndani ya dakika ishirini. Mwaka mmoja niliacha oda ya kununua kwa senti 57, nikaenda kugeuza wali jikoni. Niliporudi, oda imejaa, mikataba yote. Nilijisifu kwa bei nzuri kama dakika moja. Nikafungua ukurasa wa kaunti kubwa kuliko zote, nikaelewa kwa nini mtu alikuwa na haraka ya kuniuzia: mgombea wangu alikuwa nyuma kwa pointi kumi na nne. Kosa lilikuwa langu. Soko lilifanya nililoliagiza. Tangu siku hiyo nafuta oda zangu zote kabla ya saa moja, au nakaa hapo na simu mkononi.

Usiku ukipita kuna kungoja. Wilaya ya 28 ya Texas, Mei 24, 2022: Henry Cuellar dhidi ya Jessica Cisneros. Kura zikahesabiwa upya, na mpaka Juni 21 ndipo ikathibitika Cuellar kashinda kwa kura 289. Wiki nne. Pesa iliyowekwa kwenye mbio kama hizo inakaa hapo, au unaiuza kwa senti kadhaa pungufu kwa mtu mwenye subira kuliko wewe. Swali la kumuuliza kila soko ni hili: mnalipa vyombo vya habari vikitangaza, au mpaka jimbo lithibitishe? Jibu liko kwenye masharti, si kwenye matangazo.

Kwa hali yako

Uko Marekani, mara ya kwanza, dola hamsini unazoweza kuzisahau: Kalshi itakupa njia fupi ya kuingia na kutoka. Weka oda ya bei unayoitaka badala ya kununua bei iliyopo, na ukikuta pengo linazidi senti tatu, ruka mbio hizo.

Unafuata mchujo tangu Machi mpaka Agosti, dau dogo kila jimbo: PredictIt inakufaa zaidi, mradi usiguse aliye juu ya 90 na utoe pesa mara moja mwishoni.

Uko Afrika Mashariki na tayari unamiliki sarafu za kidijitali: soko la kimataifa la Polymarket lina mantiki ikiwa nchi yako imo, kwa mbio kubwa tu. Kama sarafu hizo unataka kuzinunua kwa ajili ya mchujo huu, hesabu kwanza gharama ya kwenda na kurudi, uone kama faida inabaki.

Wewe ni mwandishi wa habari au mwanafunzi unayetaka kunukuu uwezekano: usinukuu bei ya mwisho iliyouzwa, inaweza kuwa ya juzi. Chukua katikati ya anayenunua na anayeuza, taja soko, taja saa, na uweke masoko mawili kando kwa kando. Yakipishana senti nane, hiyo nayo ni habari.

Unafanya kazi kwenye kampeni, au shangazi yako anafanya: kaa nje. Ukijua matokeo ya utafiti wa ndani ukayachezea, unaweza kufungiwa akaunti na kupata mengine mabaya zaidi.

Una mgombea unayempenda moyoni: Manifold, na uandike sababu zako hapo.

Shemeji hakununua kwa 61. Aliweka oda ya 57 akaendelea na safari. Alipopaki Amarillo aliniandikia kuwa bado inaning'inia, anayenunua mwingine nyuma yake kapanda 56, anayeuza kashuka 59. "Nisubiri?" Nikamuuliza duru yenyewe ni lini. Akasema baada ya siku tisa.